Nililala Kagan Kulinda Mabati

Jumanne, 7 Oktoba 1997

Kuna mtu analala kwenye maranda yangu.

Nimefika karakana asubuhi, na pale kwenye veranda ninapojaza maranda ya randa pamebonyea, umbo la mtu aliyejikunja. Na veranda imefagiwa! Safi kuliko ninavyofagia mimi. Nimemuuliza Dorine, mwenye ploti, ambaye hoteli yake ya chai imepakana na mlango wangu. Akasema ni mama mmoja anaitwa Damaris, mjane wa kule Kagan, hana kwake. Mchana anawachambulia watu omena sokoni, jioni anatafuta pa kuweka mbavu. Ati nisijali, hana neno na mtu.

Najali! Sikutoka Kisii kuja Rangwe kutafuta watu. Nyumbani nina watu wa kujaza tela. Huyu kaazima msumeno, huyu kaazima shati, huyu kaniposea msichana ambaye hata sijamwona. Hapa nina chumba kimoja na kufuli moja, na hakuna wa kuniuliza Joash unaenda wapi, Joash utaoa lini. Namshukuru Mungu kwa kufuli hiyo, sitanii.

Kesho nitamwambia kwa adabu atafute kwingine.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikumwambia.

Nimewahi leo kusudi nimkute. Mama mtu mzima, rika la mama yangu, ameketi kwenye gogo, maranda kwenye nywele. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri. Akaniwahi kwa salamu ya asubuhi: "Oyawore, wuoda." Mwanangu! Mimi Mkisii mzima, fundi wa vitanda, naitwa mwanangu na mtu anayelala mlangoni kwangu. Maneno yote yakanitoka. Nikaenda kwa Dorine nikamchukulia chai.

Tumekunywa chai. Halafu akaomba kitu kimoja tu. Nimpigilie mbao mbili pale kwenye kona, upande unaopiga upepo, mvua ikija asilowe. "Mimi sisumbui mtu, wuoda."

Nikasema nitaona. Najijua mimi nikishasema nitaona.

Jumamosi, 11 Oktoba — Sabato

Kumbe ni mwenzetu! Nimemkuta kanisani, kiti cha nyuma, kitambaa cheupe kichwani. Wakati wa shukrani akasimama, akamshukuru Mungu kwa maranda makavu. Kanisa zima likaguna kwa huruma. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Baada ya ibada mzee wa kanisa, Mzee Bichage mwenye duka la vyombo, akanieleza habari zake. Mumewe alipokufa, shemeji yake Oliver alitaka ukoo umtafutie mwanamume wa kumrithi, kama desturi yao ilivyo. Damaris akakataa. Alikuwa ameshabatizwa, na tena, akasema, alikuwa mke wa mtu mmoja na huyo mmoja alimtosha. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa nyumba yake. Ikavuja, ikainama, ikaanguka. Yeye akaja sokoni.

Hapo nikapata wazo. Kanisa limjengee! Kwake kabisa, Kagan, kwenye ardhi ya mumewe. Kuna yale mabati ya jiko la zamani la kanisa. Jumatatu ya tarehe ishirini ni Kenyatta Day, hakuna kazi. Ufundi nitatoa mimi bure. Nilisema vizuri sana, hata meza niliigonga. Mzee Bichage akanishika bega, akasema Ndugu Nyamweya, Bwana amekutumia leo.

Hapa nisijidanganye lakini, maana hapa hakuna anayesoma. Mbao mbili zingetosha. Nimeona ni rahisi zaidi kumjengea nyumba nzima, mradi iwe mbali na mlango wangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Kagan na Mzee Bichage, kumwona Oliver. Nilitegemea mtu mkali. Si mkali hata kidogo. Mpole, mwembamba, watoto wamemzunguka. Akasema, "Jengeni tu. Mimi sikatazi." Akauliza swali moja: fundi ni nani? Mzee akaninyooshea kidole. Oliver akanitazama toka kichwa hadi miguu, akauliza kama nina bibi. Nikasema sina. Akatikisa kichwa taratibu. Nikadhani anatafuta mazungumzo.

Jioni nimempa Damaris habari njema. Hakuruka kwa furaha kama nilivyotegemea. Akakaa, akachezea upindo wa leso. "Kule kwa dala, kule nyumbani, mambo ni mingi, wuoda. Si miti na bati peke yake."

Nikamwambia asiogope, Bwana ametangulia. Akasema vizuri, atangulie, lakini sisi tungeuliza njia.

Redio imeshinda kutwa ikisema El Nino, El Nino. Mvua itakayokuja si ya mchezo. Nashukuru tutakuwa tumemaliza.

Jumatatu, 20 Oktoba — Kenyatta Day

Tumejenga!!

Lori la mtu wa kanisa lilitushusha mapema, miti, kamba za mkonge, mabati, sufuria za akina mama wa Dorkasi, chama chao cha kanisani. Nguzo ya kwanza nimeichimbia mwenyewe. Ajabu ni kwamba nilipoisimamisha, boma zima lilinyamaza. Wanawake waliokuwa wakikanyaga udongo walisimama. Oliver alivua kofia. Nikaona wameguswa, nikaomba sala fupi hapo hapo, nikapiga nyundo.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama maji. Mke mwenza wa Damaris, mke mdogo wa marehemu, aliniletea uji mwenyewe kwa mikono miwili. Watu wa boma ambao asubuhi walikaa mbali wakaja kukandika. Oliver alibeba mawe ya msingi mpaka akapasuka kidole. Mzee Bichage alikuwa karibu kulia. Alisema ona upendo unavyofungua mioyo.

Jioni mvua. Lori likakimbia kabla barabara haijakatika. Mlango bado sijauweka, na baadhi ya mabati yameshikiliwa na msumari mmoja mmoja. Oliver akasema upande huu bati halilali nje likaamka. Basi nimebaki. Nimemwambia Damaris akalale jikoni kwa mke mwenza, mimi nitalala humu na vifaa vyangu.

Amekataa! "Wuoda, usilale ndani ya hiyo nyumba. Wewe lala kwa jikoni, mimi nilale huku."

Nikamwuliza, mama mzima apambane na wezi, mimi nilale jikoni kwa moto? Watu wa kwetu wakisikia? Akanivuta mkono kabisa. Nikamwambia Mama, wewe umefanya kazi, nenda upumzike. Amekwenda akigeuka nyuma.

Naandika kwenye hili daftari langu la vipimo. Udongo unanukia mbichi. Nimejaa shukrani mpaka koo. Mimi ambaye sipendi watu!

Jumanne, 21 Oktoba

Nimetoka mlangoni nikijinyoosha. Vigelegele!

Nikageuka nyuma nione nani anashangiliwa. Hakuna mtu nyuma, ni mimi. Mke mwenza alikuwa wa kwanza, kisha wake wa Oliver, kisha majirani. Halafu mke mwenza akachukua jembe na mbegu, akakimbia shambani. Amekimbia, hakutembea! Oliver akanipa mikono miwili, akaniita "owada", ndugu yangu. Akanipa kuku jike. Nikasema asante. Nikampokea!

Damaris alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Hakupiga kigelegele. Nilimuaga nikidhani hakulala vizuri.

Nimefika Rangwe na kuku kwapani. Dorine akaniuliza hiyo kuku ni ya nini. Nikamweleza yote, toka nguzo mpaka vigelegele. Dorine akacheka hadi akakaa chini, aproni usoni. "Yawa! Jakisii! Umemchukua mama ya watu!"

Nikasema nimemchukua wapi? Nililinda mabati.

Akanieleza, akifuta machozi. Kwao nyumba ya mjane haisimami hivi hivi. Mwanamume anayemrithi ndiye anayesimamisha nguzo ya kwanza, na ndiye anayelala humo usiku wa kwanza. Wakati mwingine huwa mtu wa nje, wa kabila lingine, si lazima awe wa ukoo. "Wewe umeweka mti, umelala, asubuhi umetokea kwa mlango. Sasa ulitaka wakuite nani? Pastor?"

Na yule mke mwenza? Dorine akasema mke mkubwa ndiye anayefungua kupanda. Damaris akiwa hajachukuliwa hafungui, na huyu mdogo hawezi kumtangulia. Misimu yote hii amekuwa akilima kwa watu huku shamba lake liko pale. Akipanda kabla, wanasema chira itawapata watoto, ile laana inayodhoofisha mtu mpaka afe.

Hata kwetu Kisii wajane wana mambo yao, sisemi hatuna. Lakini kanisani tumeshazoea kusema ni ya kale, imekwisha. Nimekaa kwenye benchi la kazi. Kuku amefungwa mguu hapo chini, ananitazama.

Jumatano, 22 Oktoba

Soko zima linajua. "Shemeji!" "Bwana arusi, kitanda changu kimeisha ama uko fungate?" Mwenye kusaga unga, mtu ambaye hajawahi kunisalimia, amenipa mkono.

Kisha Mzee Bichage, midomo imekauka. Halmashauri imekutana. Ndugu Nyamweya, jina la kanisa! Mlei wa kanisa kurithi mjane! Nikamwambia Mzee, unajua ukweli, wewe ndiye uliyeniacha pale. Akasema anajua, ndiyo maana Jumapili tutakwenda wote Kagan, nisimame mbele ya ukoo, niseme nililinda mabati basi.

Dorine alikuwa akituwekea chai. Hakucheka leo. Akasema ukisema hivyo, Jakisii, umemtoa mama kwa nyumba. Hakuna mtu ataingia. Hakuna mtu atakula chakula yake. Na mwenzake ameshapanda, sasa itakuwa amepanda vibaya, kila mtoto akikohoa wataangalia huko.

Tenda wema nenda zako, ndivyo tulivyofundishwa. Nimetenda. Sasa hiyo njia ya kwenda zangu iko wapi?

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimeacha kazi nikaenda kumwona. Mvua njia nzima, viatu mkononi.

Nimemkuta ndani ya nyumba yake, na mke mwenza, wanakula ugali na mboga sahani moja. Kuna kikapu, kuna mtungi, kuna mkeka kutoka kwa Oliver. Watoto wa boma wanaingia na kutoka, wanamwita dani, nyanya. Wiki mbili hizi sikuwahi kumwona mtu yeyote akimshika Damaris, na leo katoto kamelala mapajani mwake. Nilitaka kugeuza nirudi Rangwe nikasema basi, iwe hivyo, waniite watakavyo.

Mke mwenza akatoka kutupisha. Alinitazama kwa heshima mno, nikaona haya.

Nikamwambia Damaris nimeamua. Jumapili sitasema kitu. Kanisa linitoe kama linataka. Mimi naishi peke yangu, sina jina la kulinda, na mke sina atakayeona wivu. Nitanyamaza tu, yeye akae na nyumba yake.

Akacheka kidogo. Akanishukuru, "erokamano ahinya, wuoda," akaishika mikono yangu yote miwili, na nilijua shukrani ile ni ya kweli. Ameshukuru kwa nguzo, kwa bati, kwa chai ile ya siku ya kwanza. Kisha akasema:

"Wamenipatia kila kitu. Wamechukua moja tu."

Gani, Mama?

"Nilisema hapana. Nyumba ikaanguka, nikasema hapana. Nikalala kwa soko, nikasema hapana. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu, wuoda. Hakuna mtu alinipatia."

Nikasema lakini mimi ndiye nitakayenyamaza, wewe hutasema chochote.

"Ukinyamaza, mimi ndio nimesema ndiyo."

Nilidhani mimi ndiye mtu wa kujitenga katika habari hii. Mimi na kufuli yangu! Huyu mama alijitenga na ukoo mzima bila mlango wa kufunga. Mimi nilikimbia watu wasinisumbue. Yeye hakukimbia mtu, anawapenda, anataka kufa akiwa katikati yao, ila hataki waseme kwa kinywa chake. Na sisi tukaja na lori letu na nyimbo.

Nikamwambia anisamehe. Akasema kosa halikuwa la kulala, kosa lilikuwa la kutosikia nilipovutwa mkono. Halafu akanipakulia ugali. Nimekula nikashiba.

Wakati wa kutoka Oliver alinisindikiza. Alisema neno ambalo linanirudia. "Mimi si mtu mbaya, omera. Niko na watoto." Nikamwambia najua.

Jumamosi, 25 Oktoba — Sabato

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Wanasema daraja fulani limekwenda na maji. Damaris hakufika kanisani.

Mimi hufundisha somo la Sabato, na nimeombwa nisifundishe "kwa sasa". Nikakaa nyuma, kiti chake. Si kibaya kile kiti, mtu huona migongo ya watu wote.

Veranda haijafagiwa tangu Jumatatu. Nimejaribu leo jioni baada ya Sabato, nimetimua vumbi tu. Nimejikuta natazama lile bonde la maranda. Ni ajabu, nilimtaka aondoke na ameondoka, na sasa nakunywa chai yangu ndani kwa Dorine ili niwe na mtu wa kusema naye. Asante Mungu kwa Damaris. Nimeiandika ili nisije nikasema sikuisema.

Sijui kesho nitasema nini.

Jumapili, 26 Oktoba

Naandika nikiwa Kagan, jikoni kwa mke mwenza. Mvua imetufungia humu, mimi na Mzee Bichage. Wino unasambaa kwa unyevu. Lazima niandike, la sivyo nitatoka nje nikaharibu tena.

Tulifika kwa miguu. Oliver alikuwa amepanga viti mbele ya nyumba ya Damaris, wanaume wa ukoo upande mmoja, wanawake upande mwingine. Mzee akafungua kwa sala ndefu. Akasema, "Ndugu Nyamweya, sema." Nikasimama. Usiku kucha nilikuwa nimeamua hivi, nikaamua vile. Nikafungua kinywa.

"Fundi, kaa chini." Damaris, mlangoni. "Nyumba ni ya nani?"

Nikakaa. Sijawahi kukaa haraka hivyo.

Akasema kwanza Dholuo, polepole, bila kupaza sauti. Niliona mke mwenza akiweka mkono mdomoni. Kisha akarudia Kiswahili ili mimi na Mzee tusikie. Huyu ni mtoto wa kanisa, alilinda bati, hajui kitu. Yeye hajachukuliwa na mtu na hatachukuliwa. Anayesema hivyo ni yeye, si fundi, si kanisa. Anawashukuru kwa mawe, kwa mkeka, kwa watoto waliolala mapajani mwake siku hizi. Hajasahau na hatasahau. Mwenzake amepanda, yeye amebariki mbegu hizo kwa kinywa chake, na kama kuna la kulipa, lianze kwake yeye. "Na kama munataka kutoa bati, ngazi iko hapo. Nitashikilia mimi."

Mzee mmoja wa ukoo alisimama, akaketi tena. Oliver alikuwa akitazama ngazi. Nilimwona akitazama watoto wake, kisha ngazi.

Hapo ndipo mbingu zilipofunguka. Si mvua ile ya kungoja. Viti vilianguka. Wazee walikimbilia nyumba ya Oliver, kule ng'ambo. Mimi na Mzee tuliingia humu. Waliobaki, Oliver, mke mwenza, wanawake kadhaa na watoto, wamebanana ukutani nje ya nyumba ya Damaris. Upenu ule niliukata mfupi, hauwafuniki. Mvua inawapiga magotini.

Damaris yuko mlangoni. Anasema, "Donjuru." Ingieni. Anasema tena. Hakuna anayeingia, kama Dorine alivyosema.

Mzee Bichage ametaka kutoka. Tukimbie tuingie sisi, anasema, tuwaonyeshe mfano. Nimemshika koti. Nimemwambia Mzee, tukiingia sisi watasema ni nyumba yetu. Ameniangalia kana kwamba nimetukana. Kisha ameketi juu ya kinu. Sasa anasali, lakini kimoyomoyo.

Mimi ninashukuru. Sijui kitakachotokea na ninashukuru hata hivyo, kwamba nilikaa chini nilipoambiwa.

Mtoto mmoja amejaribu kuchungulia ndani, Oliver amemvuta.

Mke mwenza amevua viatu. Amevishika mkononi. Oliver amemwambia neno, naye amemjibu bila kugeuka. Anatazama kizingiti. Damaris hamwiti tena. Amesogea pembeni kidogo, amempisha.